Kamera ya bei nafuu: Mkulima ahesabu kazi, asihesabu megapikseli

MSIMU wa mavuno unapopita na magunia ya mahindi, maharage na mbaazi yakishauzwa, fedha hukaa mkononi kwa muda mfupi katika kaya nyingi za wilaya za Mbulu na Hanang. Ni wakati huo ndipo vitu vipya huingia nyumbani: bati, baiskeli, redio, paneli ya jua, simu. Kwa vijana wanaotafuta kujiajiri, swali moja hujitokeza: je, kununua kamera ndogo ya dijitali bado kuna maana, na kama ipo, inunuliwe ya aina gani?

Swali hilo si dogo kama linavyosikika. Fedha ya kamera ndiyo hiyo hiyo ambayo ingenunua mbegu bora, mbolea ya kupandia au dawa ya kuogesha mifugo. Mkulima wa vitunguu saumu wa Bashay au mfugaji wa Basotu akikosea kununua, hakuna duka litakalomrudishia gunia au mbuzi aliyeuza. Kwa sababu hiyo, kamera inayonunuliwa kwa ajili ya kazi inastahili kuhesabiwa kama jembe, pampu ya kunyunyizia dawa au mzani.

Wakati Mkoa wa Manyara unaanzishwa mwaka 2002, mkanda wa picha 36 ulikuwa bado kitu cha kawaida. Mpiga picha alilipia mkanda kwanza, akalipia kusafisha baadaye, na picha iliyoharibika ilikuwa hasara yake. Kamera ya dijitali iliondoa gharama hiyo. Picha mbaya ilifutwa papo hapo bila kumgharimu mtu senti.

Lakini teknolojia haikusimama. Takwimu za umoja wa watengenezaji kamera wa Japani, CIPA, zinaonyesha kuwa mwaka 2010 kamera za dijitali zaidi ya milioni 120 zilitoka viwandani. Mwaka 2023 idadi hiyo ilikuwa chini ya milioni nane. Kampuni ya Kodak, ambayo mhandisi wake Steven Sasson alitengeneza kamera ya kwanza ya dijitali mwaka 1975, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012. Kilichoziondoa kamera ndogo sokoni si kingine bali simu yenye kamera.

Hapo ndipo mnunuzi wa Katesh, Haydom au Dongobesh anapotakiwa kuanzia. Swali la zamani lilikuwa kama kamera inalipa. Swali la leo ni kamera inaongeza nini juu ya simu ambayo tayari ipo mfukoni.

Hesabu ya faida ya ziada

Chukulia mfano wa kijana anayepiga picha za pasipoti siku za mnada. Bei zinazotumika hapa ni za mfano tu, kila mmoja aweke za kwake. Kamera inanunuliwa kwa Sh200,000. Mteja analipa Sh3,000 kwa picha nne. Karatasi, wino na nauli ya kwenda kuchapisha kwenye stesheneri vinachukua Sh1,600. Kinachobaki ni Sh1,400 kwa kila mteja.

Ili kurudisha Sh200,000, kijana huyo anahitaji wateja 143. Akipata wateja 20 kwa mwezi, mtaji wake utarudi katika miezi saba na siku chache. Wengi huishia hapo, wakafurahi na kwenda kununua.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina kasoro kubwa. Kama kijana huyo ana simu inayopiga picha safi, wateja 14 kati ya wale 20 angewahudumia kwa simu bila kununua chochote. Kilichoongezwa na kamera ni wateja sita tu, yaani Sh8,400 kwa mwezi. Kwa mwendo huo, Sh200,000 zitarudi baada ya karibu miezi 24. Katika miaka miwili ya vumbi la mnadani, kamera ndogo inaweza kuwa imekwama lenzi kabla haijajilipa.

Wataalamu wa uchumi huiita hiyo faida ya ziada, na ndiyo hesabu ambayo wauzaji hawaifanyi kwa niaba ya mteja. Mkulima anaifahamu vizuri ingawa hatumii jina hilo. Mfuko wa pili wa mbolea katika ekari moja hauhesabiwi kwa mavuno yote ya ekari, bali kwa magunia ulioyaongeza juu ya mfuko wa kwanza.

Mwenye simu ya kitochi ana hesabu tofauti, kwa kuwa bila kamera hapati mteja hata mmoja. Lakini naye, kabla hajalipa, alinganishe kamera na simu janja ya bei hiyo hiyo. Simu hiyo itapiga picha, itapokea fedha, itatuma picha ya mzigo kwa mnunuzi aliyeko Arusha, na itaonyesha bei za soko. Kamera itapiga picha tu.

Nani bado anaihitaji

Pamoja na hayo, si kweli kwamba kamera ndogo imekwisha kazi. Wapo watu ambao bado inawalipa.

Wa kwanza ni anayepiga picha kwenye mikusanyiko: harusi, kipaimara, komunio ya kwanza na mahafali. Huko mpiga picha huzuiwa kusogea karibu. Kamera yenye lenzi inayosogea huleta sura ya mtu karibu bila kuharibu picha, wakati simu nyingi za bei ya chini hukuza picha kwa kuikata tu, na sura hutoka na ukungu. Aidha, flashi ya kamera ina nguvu kuliko taa ya simu, ingawa katika kamera hizi ndogo flashi haifiki mbali zaidi ya mita tatu au nne. Anayesimama nyuma ya kanisa na kutegemea flashi anajidanganya.

Wa pili ni mfanyabiashara ambaye simu yake ndiyo ofisi yake. Mnunuzi wa mbaazi au mchuuzi wa ng'ombe hawezi kuruhusu betri ya simu iishe saa nane mchana kwa sababu ya picha, kwa kuwa simu hiyo hiyo ndiyo inayoita wateja na kulipa.

Wa tatu ni mwenye msaidizi. Kumkabidhi kijana wa kazi simu yenye akaunti ya fedha ni kama kumkabidhi pochi. Kumkabidhi kamera ni kumkabidhi chombo cha kazi peke yake. Ikipotea, hasara ni ya kamera tu.

Wa nne ni kikundi. Chama cha ushirika au kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 30 kinaweza kununua kamera moja kwa kumbukumbu za mikutano, ghala na mashamba ya mfano. Kwa bei ya mfano ule ule ya Sh200,000, kila mwanachama angechangia chini ya Sh7,000. Hapo kamera ni mali ya kikundi, haiondoki na simu ya katibu anapomaliza muda wake.

Asiyekuwa katika makundi hayo, ushauri ulio wazi ni kutumia simu aliyonayo na fedha ya kamera kuielekeza shambani.

Mtego wa megapikseli

Kwa yule aliyehesabu na kuona kamera inamlipa, kosa la kwanza la kuepuka ni kununua kwa namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Megapikseli moja ni nukta milioni moja za picha. Namba hiyo inaonyesha ukubwa wa karatasi ambayo picha itachapishwa, haionyeshi uzuri wake.

Hesabu yake ni rahisi. Uchapishaji mzuri hutumia nukta 300 kwa kila inchi. Picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45 inahitaji nukta 413 kwa 531, ambazo ni chini ya robo ya megapikseli moja. Picha ya postikadi ya inchi nne kwa sita inahitaji nukta 1,200 kwa 1,800, yaani megapikseli 2.2. Karatasi nzima ya A4 inahitaji karibu megapikseli 8.7. Kwa hiyo kamera ya megapikseli 10 inatosha kazi zote za mpiga picha wa kijijini na hubaki ziada.

Tatizo ni kwamba sokoni zipo kamera za bei ya chini sana zilizoandikwa megapikseli 48 au hata 64. Nyingi kati ya hizo hazina uwezo huo. Programu iliyomo ndani huongeza nukta za kubuni kati ya nukta halisi, sawa na mtu anayeongeza maji kwenye maziwa ili ndoo ijae. Dalili zake ni lenzi isiyotoka nje kamera inapowashwa, na maelezo yanayotaja uvutaji wa kidijitali pekee bila uvutaji wa lenzi.

Kinachozaa picha nzuri ni mambo mawili: lenzi, na kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Katika kamera nyingi ndogo kipande hicho kina ukubwa wa milimita sita kwa 4.5 hivi. Kugawa eneo dogo namna hiyo katika nukta nyingi mno hufanya kila nukta ipate mwanga kidogo, na picha ya jioni hutoka na chengachenga. Ndiyo maana pia kamera ndogo ya zamani haiwezi kuishinda simu nzuri ya sasa usiku bila flashi. Mnunuzi asitarajie muujiza huo.

Betri, kadi na vumbi

Baada ya lenzi, jambo la kutazama ni umeme. Katika vijiji ambavyo gridi haijafika, kamera yenye betri yake maalumu na chaja ya peke yake ni mzigo. Chaja ikipotea, kamera imekufa. Zinazofaa zaidi ni za aina mbili: zinazochajiwa kwa waya wa USB, ambazo hupata umeme palepale simu inapochajiwa kwenye sola, na zinazotumia betri za AA, zile za saa ya ukutani.

Kamera za Canon PowerShot A490 na A495 za mwaka 2010, A1300 ya mwaka 2012 na A1400 ya mwaka 2013 zote hutumia betri mbili za AA. Miongoni mwa zilizotengenezwa baadaye, Kodak PIXPRO FZ45 nayo hutumia AA na ina lenzi ya kuvuta mara nne. Ieleweke kwamba hiyo haitengenezwi na Kodak ile ya zamani, bali na kampuni ya JK Imaging iliyopewa ruhusa ya kutumia jina.

Betri za AA za bei ya chini zinazowekwa kwenye redio hazifai, kwani kamera huzimaliza kwa picha chache. Mpiga picha anunue betri nne za kuchaji pamoja na chaja yake, mbili ziwe kazini na mbili akiba. Gharama hiyo iingizwe kwenye bei ya kamera tangu mwanzo.

Jambo lingine ni kadi ya kumbukumbu. Kamera za zamani zilizotengenezwa kwa ajili ya kadi za SD za kwanza hazisomi kadi inayozidi GB 2. Kadi za SDHC, zinazofika GB 32, zilianza mwaka 2006. Kamera za Olympus na Fujifilm za miaka hiyo nyingi zilitumia kadi za xD, na za Sony zilitumia Memory Stick. Kamera ya mtumba ya aina hizo inaweza kuwa nzima kabisa, lakini mwenye nayo akahangaika kutafuta kadi. Mnunuzi mwangalifu hachukui kamera isiyotumia SD.

Kwa mazingira ya Mbulu na Hanang, adui mkubwa ni vumbi. Lenzi inayotoka na kuingia hubeba chembe za mchanga, na siku moja hukwama ikiwa nje. Kamera ifungwe kwenye mfuko wa plastiki ndani ya mkoba, isiwashwe wakati ng'ombe wanapitishwa, na lenzi ipulizwe kabla ya kufutwa kwa kitambaa laini. Nyanda za juu za Mbulu asubuhi za Julai huwa na baridi, na betri hupungua nguvu. Ibebwe ndani ya koti, karibu na mwili.

Dukani na kwa mtumba

Wengi hudhani kwamba kamera ya mtumba lazima iwe rahisi kwa sababu imepitwa na wakati. Hali imebadilika. Katika miaka ya 2020 vijana wa Ulaya na Marekani walianza kuzitafuta tena kamera ndogo za miaka ya 2000 kwa sababu ya fasheni, na bei za baadhi yake zikapanda. Mfanyabiashara wa Haydom asilipie fasheni ya London.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi aiwashe na kuizima kamera mara kumi akisikiliza kama lenzi inasaga. Apige picha ukuta mweupe aone kama kuna madoa. Apige kibao cha duka kilicho ng'ambo ya barabara akiwa amevuta lenzi hadi mwisho, kisha asome maandishi kwenye kioo. Ajaribu flashi. Aweke tarehe sahihi, atoe betri kwa dakika chache, airudishe na kuangalia kama tarehe imebaki. Kadi ajaribu kwa kuijaza picha hadi mwisho, kwa sababu kadi bandia huonyesha ukubwa isiokuwa nao na picha za mwisho hupotea. Hatimaye adai risiti na dhamana ya maandishi.

Tarehe inatajwa kwa makusudi. Picha ya mzani siku ya kuuza, ya magunia yaliyojazwa lumbesa, au ya chapa na alama za ng'ombe wa familia ina thamani pale tu tarehe yake inapoaminika. Kamera inayoandika kila picha kuwa ni ya Januari mosi 2008 haimsaidii mtu anapodai haki yake. Hata hivyo, picha hiyo ni ya kuongezea nguvu tu. Haichukui nafasi ya utambuzi wa mifugo uliowekwa na sheria ya mwaka 2010, wala ya kibali cha kusafirisha.

Kwa upande wa magonjwa ya mimea, kamera yenye alama ya ua huweza kupiga jani kwa karibu sana na picha ikaonyeshwa kwa afisa ugani. Lakini hapa pia simu ina nafasi yake. Programu ya PlantVillage Nuru, inayozungumza Kiswahili na kufanya kazi bila intaneti, hutazama jani na kutambua dalili za viwavijeshi vamizi, wadudu waliothibitishwa nchini mwaka 2017. Kamera haina uwezo huo. Mkulima anayetaka picha kwa ajili ya shamba pekee hana sababu ya kuikimbilia kamera.

Picha ikaishi wapi

Liko jambo la mwisho ambalo wengi hulisahau mpaka siku ya msiba. Desemba 3, 2023 tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang viliuvamia mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na nyumba zilikwenda na vilivyokuwamo. Hakuna kamera inayozuia maafa kama hayo. Lakini mwenye picha za nyumba, mifugo, mashine na nyaraka zake, zilizohifadhiwa kwa ndugu aliyeko Babati au Arusha, anaanza upya akiwa na pa kushika.

Kwa hiyo, picha muhimu zisikae kwenye kadi moja. Nakala moja iwe kwenye kamera au simu, nyingine itumwe kwa ndugu wa mbali au kwenye barua pepe, na zile za ardhi na familia zichapishwe karatasini. Kuchapisha picha kumi zinazohitajika kuna faida kuliko kulundika elfu mbili zisizofunguliwa tena.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mnunuzi wa kamera aanze na daftari kabla hajaenda dukani. Upande mmoja aandike kazi ambazo simu yake haiwezi na fedha ambazo kazi hizo zitaleta kwa mwezi; upande wa pili aandike bei ya kamera, betri, kadi na chaja. Miezi ya kurudisha fedha ikipungua mwaka mmoja, anunue kwa moyo mweupe. Ikizidi miwili, mbegu ya msimu ujao ndiyo inayostahili fedha hiyo.